Siku Kungoja Kulipokomeshwa Kwa Mbuvu

Itambulike na watu wote kwamba kungoja maji kumekomeshwa katika eneo zima la Kwa Mbuvu. Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo la Kamati ya Maji lililobandikwa kwenye ukuta wa kioski cha maji, likiwa na mihuri miwili, mmoja wa kamati na mwingine wa kanisa, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati alikuwa pia shemasi na muhuri wa kwanza ulitoka umefifia. Kungoja, lilisema tangazo, ni adui wa maendeleo. Mwananchi hatangoja tena. Atapokea zamu yake kwa simu, atafika, atajaza, ataondoka. Atakayeonekana amesimama au ameketi kando ya kioski bila zamu atahesabiwa kuwa anahujumu mradi.

Tangazo halikutaja aliyekomesha. Matangazo ya aina hiyo hupenda mambo yatokee yenyewe, kama mvua. Lakini Kwa Mbuvu, kilomita chache tu kutoka soko la Kyuso, hakuna asiyejua kwamba ni Daktari Kaveke, binti ya marehemu Kathini, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mabati ya kijani inayotazamana na kisima.

Daktari Kaveke si daktari wa watu. Jambo hilo lilichukua muda kueleweka. Aliporudi nyumbani kutoka Nairobi aliletewa kuku wenye kideri, akaletewa mzee mwenye mgongo, na mara moja akaletewa punda. Aliwaeleza kwamba udaktari wake ni wa hesabu. Wakampa pole, kisha wakauliza kama punda atapona. Punda alipona, na sifa za Daktari zikafika mpaka barabara kuu.

Hesabu alizosomea ni za kuongoza vitu vinavyobadilika. Una kitu kinachosogea pamoja na wakati, kiwe roketi, samaki wa ziwani au maji ya tangi, na mkononi una usukani mdogo. Kila saa unaweza kuuzungusha kidogo. Unachofanya leo kinabadilisha mahali utakapokuwa kesho, na mahali utakapokuwa kesho panabadilisha unachoweza kufanya kesho. Swali ni moja: uzungusheje usukani kutoka sasa hadi mwisho ili jumla ya hasara iwe ndogo kuliko zote? Kila mtu duniani hufanya hesabu hiyo. Wengi huifanya kwa kubahatisha, na wakizeeka huiita uzoefu.

Kaveke aliifundisha chuoni miaka mingi, hadi chuo kilipogundua kwamba somo lake lina wanafunzi watatu, na mmoja wao aliingia humo akitafuta darasa la uhasibu. Mkataba haukuongezwa. Wiki hiyo hiyo mama yake alipigwa na kiharusi. Kaveke, aliyezoea kuona mambo mawili yakielekea mahali pamoja, alifunga mizigo akarudi Kwa Mbuvu.

Kitanda cha Kathini kilikuwa kando ya dirisha, na chini ya dirisha, kufuata ua wa manyara, ndipo foleni ya maji ilipopita. Mitungi ilipangwa mstari mmoja tangu alfajiri, mingine na kitambaa shingoni, mingine na jiwe juu. Mtungi ulikuwa na haki zote za mwenyewe. Ukishauweka mstarini, unaweza kwenda kuketi, kusuka kiondo, kusikiliza fitina au kunywa chai kwa Qamar, mwanamke wa Kisomali aliyefungua duka upande wa pili wa njia. Hakuna aliyethubutu kuruka mtungi wa mwenzake. Watu wa pale wanaweza kunyang'anyana shamba mpaka mahakamani, lakini si nafasi ya mtungi.

Kathini hakuweza tena kutembea, ila ulimi ulikuwa umepona mapema kuliko mguu. Alikaa dirishani akihukumu foleni. Huyu alimwambia amekonda, yule alimuuliza mahari imefika wapi. Alipofariki, Kaveke alidhani foleni itapita kimya. Haikupita kimya.

"Daktari! Mbona dirisha halijafunguliwa? Uko salama?"

"Niko."

"Sawa. Tulidhani umemfuata mama."

Ni hayo tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwahi kutoka nje kwenda kuketi nao. Alifungua dirisha, akajibu, akarudi mezani. Lakini yalisemwa kila asubuhi, na kitu kinachotokea kila asubuhi mtu hukihesabu pamoja na ukuta.

Ndipo Mutie akaja. Shemasi Mutie ni mtu mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, na mwenyekiti wa kila kitu chenye kamati.

"Daktari, kuna watu wanasema ulisomea mambo ya foleni."

"Sikusomea foleni. Nilisomea udhibiti."

"Hiyo ndiyo tunataka. Hawa watu wamenishinda kudhibiti."

Tatizo lenyewe lilikuwa zuri. Kaveke aliliona hivyo moja kwa moja, jinsi fundi cherehani anavyoona kitambaa kizuri kwenye mwili wa mtu mwingine. Pampu ilikuwa ya sola: asubuhi ina nguvu ya mgonjwa, mchana ina nguvu ya kupasua. Maji yalikuwa ndani ya mwamba, na mwamba hurudisha maji pole pole. Ukivuta kwa pupa, maji yanashuka, chumvi inapanda, na siku hiyo maziwa yanakatika kwenye chai ya kijiji kizima. Watu walifika alfajiri wote kwa pamoja, wakavuta mpaka pampu ikakohoa, kisha wakaketi hadi adhuhuri kuisubiri ipate nafuu. Kila siku walivuka mstari ule ule na kila siku walishangaa.

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Kaveke alisimama mbele na chaki.

"Tunaanzia mwisho," alisema.

"Mwisho upi?" Mutie akauliza.

"Siku mvua ya Novemba itakaponyesha. Siku hiyo, lita moja iliyobaki kwenye tangi ina thamani gani?"

"Haina thamani. Si mvua imenyesha?"

"Rudi nyuma siku moja. Mvua haijanyesha, na hujui kama itanyesha kesho. Lita ile ile?"

"Hiyo sasa ni dhahabu."

"Rudi nyuma tena. Na tena, mpaka ufike leo. Ukifika leo utajua ufungue bomba kiasi gani."

"Kwa hivyo unahubiri kutoka Ufunuo ukirudi Mwanzo."

"Angalau mimi nitafika Mwanzo, Shemasi. Wewe Jumapili hukufika popote."

Ukumbi ulicheka, na Mutie, ambaye ana kipaji cha kucheka anapochekwa, alicheka kwa sauti kuliko wote. Kaveke akaeleza kwamba maji ya Agosti yamebeba ndani yake bei ya Oktoba, bei usiyoiona bombani lakini utakayoilipa.

"Kama ndengu ya mbegu," alisema Syombua, mjane aliyekuwa na punda wawili na kiti cha kudumu katika kamati. "Unaweza kuila leo. Ni tamu. Halafu upande nini?"

"Ndiyo hiyo, mwaitu," alisema Kaveke, akimwita mama kwa Kikamba.

"Sasa mbona umetumia ubao mzima?"

Kisha Kaveke akauliza swali ambalo katika fani yake huulizwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Je, tunataka kitu gani kipungue? Maana hesabu ya aina hii ni mtumishi mtiifu. Haijui lililo jema. Inapunguza unachoiambia ipunguze, na haigusi kingine ila kwa bahati mbaya.

"Kungoja," alisema Mutie.

"Kungoja," alisema Qamar, aliyewakilisha wafanyabiashara.

"Kungoja," alisema Syombua, ambaye hakuna mtu aliyewahi kungoja kwenye foleni ile kwa muda mrefu kama yeye.

Kaveke akaandika: hasara ni muda wa kungoja, uzidishwe kwa wenyewe, ili aliyengoja saa tatu ahesabiwe machungu tisa na si matatu. Alilipenda hilo. Lilionekana la haki, na herufi zilikaa vizuri.

Mpango ulifanya kazi. Ni vizuri kulisema hilo waziwazi, maana hadithi za miradi ya maji mara nyingi huenda upande mwingine. Kila nyumba ilipokea ujumbe wa simu: saa fulani, mitungi kadhaa. Pampu ilivuta kwa upole asubuhi na kwa ujasiri mchana. Chumvi ilishuka. Chai ya Qamar ikarudi kuwa chai. Watu walimsimamisha Kaveke sokoni Kyuso kumshika mkono, na wenzao wa Tawa na Kalamba, kule Makueni, wakapiga simu kuuliza kama kitu hicho kinaweza kupandwa kwao pia.

Kamati iliamua kumpa zawadi. Hakuna aliyetaka kutaja pesa, kwa hiyo wakaamua kumvutia bomba mpaka jikoni, la kwanza katika eneo lile. Wakaitisha mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Watu walikuja na majembe na sururu, wakachimba mtaro kutoka kisimani, wakavuka njia, wakapita chini ya ua wa manyara hadi mlangoni kwake. Wanawake waliimba, wakatupiana maneno kwa wimbo kama kawaida ya mwethya, na Kaveke alipika sufuria kubwa ya muthokoi iliyoungua chini, wakaila wakimsifu kwa uongo mzuri. Jioni wakafukia mtaro, wakakanyaga udongo mpaka ukalingana, wakaaga.

Hiyo ilikuwa siku ya mwisho uwanja wake kujaa watu.

Kaveke hakuligundua mara moja. Asubuhi zilizofuata alifungua dirisha, na nje kulikuwa na njia. Ndiyo, njia. Hakujua kwamba ina udongo mwekundu kiasi kile. Miaka yote alikuwa ameiona ikiwa na mitungi juu yake. Mtu mmoja alifika na punda, akajaza, akaondoka. Baada ya muda wa kutosha, mwingine. Zamu zilikuwa zimepangwa kwa ustadi hata watu wawili hawakukutana. Aliyekuwa akiondoka alimwona anayekuja kwa mbali, akainua mkono.

"Wimuseo, Daktari!"

"Museo."

Na tayari alikuwa ameshampita, kwa kuwa simu mfukoni ilikuwa imemhesabia dakika.

Alichemsha chai. Mama yake alikuwa na tabia ya kutaka vikombe viwili mezani hata wakiwa hawana mgeni, kwa hoja kwamba mgeni akikuta kikombe kimoja atajua alikuwa hasubiriwi. Kaveke aliendelea kuweka viwili. Alikunywa kimoja, akaosha vyote viwili. Maji yalitoka jikoni kwake, safi, yasiyo na chumvi, bila mtu yeyote.

Siku moja Syombua alipita na punda wake saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya vichwa. Hiyo ndiyo zamu aliyopewa na hesabu: nyumba yake iko karibu, punda wake wana nguvu, na saa hiyo pampu hutoa maji vizuri. Hakuna kosa lolote ndani yake. Alisimama kwenye ua.

"Mwana wa Kathini, ulienda kwa mazishi ya Mwau?"

"Mwau gani? Mwau wa kinu?"

"Alizikwa Jumamosi."

"Sikusikia."

"Hata mimi. Nimeambiwa jana. Wanasema viti vilikuwa vingi kuliko watu. Mtu mkubwa kama yule, na uimbaji ukawa wa watu wa nyumbani tu." Alimpiga punda kofi shingoni bila hasira. "Zamani ungekuwa umesikia kabla maiti haijafunikwa. Hapa hapa."

"Wangetuma ujumbe."

"Mfiwa atumie watu wote ujumbe? Anashika maiti ama anashika simu?"

Kaveke alirudi ndani akajiambia kwamba lile lilikuwa tukio moja, na kwamba kutoka kwa tukio moja huwezi kupata mwelekeo. Hiyo ni kweli, na hufundishwa mwaka wa kwanza.

Mwezi wa Septemba aliugua yeye.

Ilianza kama mafua, ikawa homa, na ilipokuwa malaria kamili hakuwa na nguvu ya kusimama. Dirisha lilibaki limefungwa. Alilala akiangalia upande wa dirisha, na kwa kuwa homa haiheshimu mantiki, alisubiri sauti. Asubuhi ya kwanza alisikia kwato za punda zikija na zikienda. Asubuhi ya pili akazisikia tena, kwa wakati ule ule, maana mpango ulikuwa sahihi. Mtu alikohoa kisimani. Bomba lilifunguliwa, likafungwa. Hakuna aliyekaa muda wa kutosha kutazama dirisha na kujiuliza.

Alijaribu kuita. Sauti ilitoka ndogo, na nje hakukuwa na mtu wa kuisikia, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa bado.

Simu yake ililia mara moja tu. Aliitafuta kwenye blanketi, akafikiri labda ni Qamar. Ulikuwa ujumbe wa mradi. Nyumba zote zilikuwa kwenye orodha ya zamu, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa yake baada ya bomba kuingia jikoni. *Mpendwa mteja, zamu yako imepita. Asante kwa kutongoja.*

Aliyaandika maneno hayo mwenyewe. Alikumbuka alivyofurahia ile "asante".

Homa ilishuka kwa hiari yake, kwa msaada wa dawa zilizobaki za mama yake, ambazo tarehe zake hakutaka kuzisoma. Alipoweza kukaa kitako, hakulia wala hakumpigia mtu simu. Alifanya kile anachojua. Alichukua karatasi akarudia hesabu yote kutafuta kosa, na kosa halikuwepo. Kila mstari ulizaa ule uliofuata. Kisha akarudi mwanzo kabisa, mahali ambapo mtu huorodhesha hali ya mambo, yaani vitu vyote unavyopaswa kuvijua leo ili uamue vizuri. Aliandika maji ya tangini. Aliandika maji ya mwambani, jua na idadi ya nyumba. Hakukuwa na mahali palipoandikwa nani amemwona nani. Na kisichoandikwa kwenye hali hakina bei, leo wala Oktoba.

Basi akajaribu kukitia bei. Aliandika kwamba watu wakiwa pamoja kisimani, hiyo ni faida, na akaiacha hesabu ijiendeshe kutoka mwisho hadi mwanzo. Jibu lilikuja wazi na lisilo na aibu: funga bomba. Bomba likifungwa kabisa, watu wote watafika na hakuna atakayeondoka, na faida itakuwa kubwa kuliko zote hadi Novemba. Alipunguza faida kidogo. Hesabu ikarudi kule kule, kila mtu na dakika zake na njia tupu. Kati ya hayo mawili haikutaka kukaa. Yeye alikuwa amewafundisha wanafunzi watatu, mmoja wao mhasibu, kwamba ukiuliza swali la namna hiyo jibu huruka kutoka ukutani hadi ukutani. Hakuwahi kufikiri kwamba angekuwa amesimama katikati ya chumba.

Alienda kwa Mutie.

"Shemasi, nataka turudishe kungoja. Kidogo."

Mutie alimtazama kama mtu aliyeambiwa turudishe ndui. "Kidogo kiasi gani?"

"Bado sijapata."

"Daktari, tangazo limeshapigwa muhuri. Afisa wa kaunti anakuja Alhamisi kutazama. Anataka kupeleka mpango huu kwingine. Nimwambie nini, kwamba mwenye hesabu amekumbuka foleni?"

"Niliugua. Hakuna aliyejua."

Mutie alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa aina inayohitaji muda. "Pole sana. Ungepiga simu," akasema hatimaye. Halafu, akitazama pembeni: "Mimi nilikuwa nawahubiria pale kila asubuhi. Ulikuwa unanisikia?"

"Kila asubuhi."

"Watu walikuwa hawawezi kuondoka," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa nyembamba kama mwili. "Sasa hata nikisimama pale, nasema na bomba." Kisha akajikumbuka, akakohoa. "Lakini tangazo ni tangazo."

Alhamisi asubuhi Kaveke alifungua dirisha na kuitazama ile njia. Alikuwa na udhibiti mmoja tu uliobaki, na haukuwa wa bomba. Alikwenda jikoni, akachukua mtungi wa njano wa mama yake, ule uliofungwa kitambaa cha leso shingoni, akavuka njia akauweka mbele ya kioski. Mtupu. Halafu akaketi chini kando yake, penye kivuli cha tangi, mgongo ukutani, chini kabisa ya lile tangazo. Hakujua mikono huwekwa wapi. Miaka yote aliwatazama watu wakiketi pale na hakuwahi kugundua kwamba ni kazi ya kujifunza.

Mwenye zamu alifika, akajaza, akamtazama, akaondoka. Mwingine akafanya vivyo hivyo. Jua lilipanda. Aliona kwamba huenda amekaa pale kama mjinga, na kwamba hilo nalo ni jibu linalowezekana.

Qamar alitoka dukani akasimama mikono kiunoni.

"Abaayo, dada yangu, bomba la jikoni limeharibika?"

"Liko sawa."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja tu."

Qamar alimwangalia usoni. "Ulikuwa mgonjwa, wewe. Uso umeisha."

"Nilikuwa."

"Na hukusema! Wallahi wewe mtu ni jiwe." Aliingia ndani, akarudi na vikombe viwili vya chai na kigoda, akaketi. Hakuuliza tena. Alianza kumweleza habari za mpwa wake Abdiwahab, anayesafirisha mbuzi, ambaye amekataa wasichana wote watatu aliotafutiwa, na hiyo ni habari ndefu.

Syombua alifika kabla ya zamu yake, mapema sana. Akaona mtungi wa leso, akausoma kama mtu anayesoma jina. Akafungua punda wake, akapanga mitungi yake nyuma ya ule wa Kathini, mstari ulionyooka, akaketi.

"Mwaitu," Kaveke alisema, "siku ile kwenye kamati nilipouliza tupunguze nini, wewe pia ulisema kungoja."

"Ulitaka niseme nini mbele ya Shemasi? Kwamba napenda kukaa bure?" Alinyoosha miguu. "Sogea. Kivuli ni cha watu wote."

Waliofuata walijaza mitungi yao kwa zamu, kwa dakika zao, kama walivyoagizwa. Ila baadhi, wakishajaza, hawakuondoka. Waliweka mtungi uliojaa kwenye mstari nyuma ya mingine, wakatafuta pa kukaa. Hawakuwa wengi. Mbali na wao watatu, mtu angeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja na kubaki na kidole.

Afisa wa kaunti alikuta hali hiyo. Alishuka kwenye gari akiwa na kofia na kishikwambi.

"Mwenyekiti, hii ni foleni?"

Mutie alitazama mitungi. Alitazama tangazo, kisha Kaveke chini yake.

"Hapana, mheshimiwa. Tazama, mitungi imejaa." Akainua mmoja wa nyuma kuthibitisha, akaurudisha haraka kwa sababu ulikuwa mzito. Wa mbele hakuugusa.

"Na hawa watu?"

"Hawa wameshapata maji."

"Sasa wanafanya nini?"

Mutie akawatazama mmoja mmoja. "Wapo," akasema.

Afisa alibonyeza kishikwambi. Mtambo ulionyesha zamu zote za asubuhi zimetimizwa, kuchelewa hakuna. Katika nafasi ya muda wa kungoja aliandika sifuri, akapiga picha ya tangazo akiwaomba walioketi wasogee kidogo wasionekane, akaondoka kuelekea Kitui mjini kabla ya chakula.

Watu walitawanyika mchana, mmoja mmoja. Kaveke alirudi nyumbani na mtungi wake, bado mtupu, akaosha vikombe vya Qamar kwa maji ya jikoni. Usiku nyumba ilikuwa kimya kama ilivyokuwa jana yake. Alhamisi iliyofuata walikuja wachache zaidi. Iliyofuata tena, wakaongezeka wawili. Hakuna mwelekeo unaoweza kuaminika. Mutie amekuwa akipita karibu siku hizo akiwa na Biblia kwapani, akisema anakagua valvu.

Mpango sasa unatumika Kalamba, na Tawa wako mbioni. Tangazo bado liko ukutani Kwa Mbuvu, limefifia kidogo upande wa jua. Mtungi wa kwanza kwenye mstari ni wa Daktari Kaveke, ambaye ana bomba jikoni.